Mkono Unaoshika Mizani

Katika kadi za taroti zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kuchapishwa London mwaka 1909, Sita ya Sarafu humwonyesha tajiri aliyesimama, mizani mkono mmoja, sarafu zikidondoka kutoka mkono wa pili kwa maskini wawili waliopiga magoti. Wafasiri huisoma kama taswira ya ukarimu na ubadilishanaji wa haki. Usomaji huo unapuuza jambo moja: mpimaji na mtoaji ni mtu yule yule. Nani basi atakayekikagua kipimo?

Mraru, katika nchi ya Wataita, swali hilo lilipata jibu la vitendo. Wanawake wa huko walitatizika kufika sokoni Voi, kwani mabasi yaliwafikia yakiwa yamekwisha kujaa. Hawakungoja hisani ya wenye mabasi. Walichanga, wakaweka akiba, wakakopa, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe. Abiria alitoa nauli, akapata safari. Hapana aliyepiga magoti, na pengine ndiyo maana wapenda hisani hawauoni ukarimu hapo. Hata hivyo umo. Kila mchangaji alikabidhi kwa wenzake fedha ambazo nyumbani kwake zilihitajika, kabla gurudumu halijaonekana.

Linalosalia ni suala la yule asiyekuwa na cha kuchanga. Yeye pia angepanda basi hilo, akalipa nauli, ila bila kauli juu ya kiwango chake.