Raha ya Jani na Taabu ya Dereva

Msomaji, iwapo umepata kusafiri katika nchi ya chai, kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet, huenda uliyaona malori ya majani mabichi yakipanda na kushuka vilima wakati wa alasiri. Yamkini macho yako yalivutwa na mzigo. Ni wachache wanaokitazama chumba cha mbele alimoketi dereva. Nakuomba ukitazame chumba hicho leo, na ujiulize: je, raha ya mtu kazini ni anasa, au ni sehemu ya haki yake?

Tuanze na mzigo. Jani la chai likisha kuchumwa ni kitu dhaifu mno. Likishindiliwa huchubuka, likikosa hewa hupata joto, hugeuka jekundu, na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Kwa sababu hiyo majani huchukuliwa kutoka vituo vya kununulia siku ile ile, wala hayarundikwi garini kama mchanga. Bodi ya lori hutengenezwa makusudi kwa kazi hii: huwekwa vyuma vya juu vyenye kulabu, na mifuko hutundikwa humo mmoja mmoja, upepo upate kupita katikati na mfuko usiulalie mwenzake. Mafundi wa bodi hiyo walijua tabia ya jani, au waliambiwa na waijuao. Ni kazi ya akili, nami naisifu.

Sasa njoo mbele. Chumba cha dereva hakikutengenezwa na mafundi hao. Kilikuja pamoja na chasisi, kama kilivyochorwa mbali kwa ajili ya barabara yoyote na mtu yeyote. Katika malori mengi ya namna hii dereva huketi juu ya injini, na magurudumu ya mbele yako chini yake hasa. Mpango huu una faida, na si haki kuificha: gari huwa fupi, na hukata kona katika njia nyembamba za mashamba. Lakini hasara yake humwangukia mtu mmoja. Kila shimo la barabara ya changarawe humpanda hadi uti wa mgongo. Joto la injini humchoma miguu, hali dirisha likifunguliwa huingia mvua na baridi ya nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kiti ni sponji iliyotandikwa juu ya chuma. Sponji ikisha kubonyea, hubaki chuma. Dereva mfupi huifikia klachi kwa ncha ya kiatu, na mrefu hukunja magoti hata yakagusa usukani. Wako wanaokunja gunia kuukuu na kulitia mgongoni, na hiyo ndiyo dawa yao.

Basi jani linatundikwa lisichubuke, na mtu anatikiswa. Sidhani kwamba jambo hili limetoka katika uovu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: aliyekichora kiti hakiendeshi kilima, na aliyekinunua hakiketii. Tena jani lililoharibika huonekana siku ile ile mlangoni pa kiwanda, na hasara yake huandikwa. Mgongo ulioharibika huonekana baada ya miaka mingi, nyumbani, wakati daftari limekwisha kufungwa.

Watu husema, “Amezoea.” Hoja hii ni nyepesi. Mazoea si ridhaa, na mwili hauyasikilizi. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kipimo cha mtikisiko ambao mfanyakazi asivukishwe katika saa 8 za kazi, kwa kuwa mtikisiko wa muda mrefu huumiza kiuno na mgongo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya usalama na afya kazini nayo inamtaka mwajiri afanye mahali pa kazi pamfae mfanyakazi. Mgongo wa dereva wa Ulaya haukufinyangwa kwa udongo mwingine.

Wengine wana hoja nzito zaidi. Wanakumbuka ajali ya njia panda ya Londiani ya tarehe 30 Juni 2023, ambapo lori liliwaua watu zaidi ya 50, nao husema: dereva apewe kiti kizuri ili asichoke akatuangamiza. Sisemi kwamba ajali ile ililetwa na kiti. Nasema tu kwamba hofu hiyo ina haki yake. Walakini haitoshi. Inamtunza dereva kama breki inavyotunzwa, kwa faida ya walio nje ya gari. Lau angekuwa peke yake barabarani, maumivu yake yangekuwa bado ni maumivu.

Lililo gumu ni fedha, na hapa pengine neno linakugusa wewe. Viwanda vya wakulima wadogo, kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, ni mali ya wakulima wenye hisa, nao huchagua wakurugenzi wao. Gharama ya kuchukua majani hutolewa katika mapato kabla ya bonasi kugawiwa, na kwa bonasi hulipwa karo za watoto wengi, huenda na yako. Kiti chema hupunguza kitu katika bonasi hiyo, hata kikiwa kidogo. Mkulima si tajiri. Naye huinama tangu asubuhi katika umande. Je, ana wajibu kwa mgongo wa mwingine hali wake mwenyewe unauma? Naona anao, maana kiwanda ni chake na kura ni yake. Lakini hawezi kuutimiza wajibu ambao hajaambiwa.

Katika mkutano wa mwaka hesabu husomwa mbele ya wenye hisa. Mkulima yeyote aweza kusimama akauliza viti vya malori vilichaguliwa na nani, na kama dereva hata mmoja aliketishwa juu yake kabla havijanunuliwa. Dereva mwenyewe aghalabu hayupo kulijibu swali hilo. Saa hiyo yuko kituoni, anangoja mfuko wa mwisho utundikwe.