Mzigo Usibebwe na Mmoja

Somo: Kutoka 18:13-27



Musa alichunga kondoo za mkwewe Yethro kabla hajaitwa kuwachunga watu. Huko jangwani aliketi kutwa nzima akiamua mashauri yao. Yethro alipoona hayo hakumsifu kwa bidii yake, bali alimwonya kwamba atachoka yeye, na watu pia watachoka. Musa akasikia. Akachagua watu waaminifu wa kumsaidia, naye akabaki na yale mashauri magumu.

Neno hili linawafaa walimu wakuu wetu. Tangu Januari 2024 shule za msingi zimeanza mtaala mpya wa miaka 6, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja. Si mara ya kwanza walimu kuambiwa wabadilike. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walitiwa kazini, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Hao walihitaji mtu wa kuwashika mkono, si wa kuwahesabia makosa tu.

Waraka ukifika shuleni, mwalimu mkuu mmoja huubandika ukutani, kisha hungoja siku ya kuuliza kwa nini haukufuatwa. Mwingine huketi na wenzake wausome pamoja. Aliyehudhuria mafunzo huwafundisha wengine, na mkuu mwenyewe huingia darasani kutazama, kisha husema na mwalimu faraghani. Waraka ni ule ule. Lakini kwa mkuu wa kwanza walimu huficha wasilolijua, na kwa wa pili huuliza. Asiyethubutu kuuliza atabadilikaje?

Hata hivyo, kushauriana si kukwepa uamuzi. Musa aligawa kazi, hakuacha kiti chake.

Nasi wa Kakesio je? Kwetu ni mbali, na mwalimu aliyevunjika moyo hutamani uhamisho. Akiondoka, watakaobaki bila mwalimu ni watoto wetu. Basi Yethro wa hapa ni wewe mzazi, wewe mzee wa kanisa, wewe mjumbe wa kamati ya shule. Yethro alitazama kwanza, akauliza, ndipo akasema. Fika shuleni kabla hujalalamika. Uliza walimu wamepungukiwa na nini.

Bwana awape walimu wakuu wetu masikio ya Musa, nasi atujalie upole na ujasiri wa Yethro. Amina.