Sonda Hufia Sandukuni

Keti, mjukuu wangu. Sitapaza sauti, nimepaza miaka mingi na vifaa vinazidi kufa. Hiki ulichoniletea kimepanguswa, kimefungwa kwenye sanduku lake, kikakaa juu ya kabati tangu mvua zilipoanza. Ndivyo kilivyouawa. Mnadhani sonda ya kupimia oksijeni huharibikia majini, kumbe nyingi hufia sandukuni, zikiwa zimepumzishwa.

Tazama kichwa chake. Utando huu mwembamba hupitisha oksijeni na kuzuia maji. Nyuma yake kuna chumvi ya kloridi ya potasiamu iliyoyeyushwa, tone tu, na madini mawili yanayoogelea humo: dhahabu na fedha. Oksijeni ikipenya huliwa kwenye dhahabu, umeme kidogo unapita, na kifaa kinausoma kuwa miligramu kwa lita. Ujanja wa utando ulitoka kwa Mmarekani Leland Clark mwaka 1954, alipotafuta namna ya kupima oksijeni ya damu bila damu kuchafua elektrodi. Tone hilo likikauka hakuna kipimo. Lakini kifaa hakisemi kimekufa. Kinakupa namba, na namba hiyo ina sura ileile ya namba ya kweli. Unamwambia mwenye bwawa kwamba maji ni mazuri, naye anakuamini kwa sababu wewe ndiye uliyesoma.

Kwa hiyo, ukikitumia kila siku au kila juma, kichwa kilale ndani ya kikombe chake chenye sifongo iliyolowa. Kipate unyevu, kisizamishwe. Ukijua kitakaa miezi, fungua kofia yenye utando, mwaga ile chumvi, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha, kisha vika kofia nyingine kavu ya kuzuia vumbi. Toa na pile, zisije zikavuja. Maji hayo hapo sokoni Kasongo huitwa maji ya betri; ukiyaomba, uliza mara mbili: wako wanaouza asidi kwa jina hilohilo.

Siku ya kukirudisha kazini, jaza chumvi mpya mpaka ifurike, vika kofia polepole, kisha geuza kichwa juu chini utazame kwenye mwanga. Ukiona kipovu cha hewa, fungua uanze upya. Usiguse madini kwa kidole, maana mafuta ya ngozi yanatosha kuyapotosha. Washa, ukingoje kama robo saa kabla ya kukiamini. Vijana hamngoji.

Sasa nikuambie kingine kinachoua sonda za huku kwetu. Mabwawa mengi ya tilapia yako bondeni, palepale kina mama wanapolowekea mihogo. Mihogo inayooza inakula oksijeni, na tope la chini linakuwa jeusi, lenye harufu ya yai bovu. Gesi yenye harufu hiyo inapenya utando kama oksijeni inavyopenya, inaifuata fedha na kuigeuza nyeusi. Sonda usiilaze topeni ukaenda kunywa chai. Ishike katikati ya maji, uitikise taratibu, kwa sababu inakula oksijeni iliyo mbele yake; ukiituliza, namba inashuka yenyewe na utawatisha watu bure. Fedha ikishakuwa nyeusi, loweka kichwa usiku mmoja katika amonia ya asilimia 3, kisha suuza sana. Dhahabu inataka msasa laini wa maji, namba 400, mizunguko michache, na si kila juma. Kisu weka jikoni.

Najua utaniambia kuna sonda mpya za mwanga zisizo na chumvi wala dhahabu. Zipo, ni nzuri. Nazo zina kofia inayozeeka, na nyingi hutaka kofia hiyo isikauke. Hamjaikimbia kazi.

Wala usidhani haya ni mambo ya samaki tu. Kule Namoya, Kabambare, kampuni ya Banro ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara Januari 2016, na dhahabu haiyeyuki katika sianidi pasipo oksijeni. Mtu wa tangi la sianidi na mtu wa bwawa wanaulizana swali moja.

Kazi ya bwawani ni alfajiri, kabla jua halijatoka. Usiku kucha mimea ya majini na samaki wote wamekuwa wakila oksijeni, hakuna aliyerudisha kitu. Ukipima saa nane mchana utapata namba ya kupendeza isiyo na faida. Tilapia ni mvumilivu, lakini oksijeni ikikaa chini ya 3 hakui vizuri, na ikikaribia 1 utamwona juu akigugumia hewa.

Kesho basi, kabla ya kuteremka bondeni, kiwashe hapa uani, kichwa kikiwa ndani ya kikombe chenye unyevu. Watu wa mradi walikuachia karatasi inayosema kipimo katika hewa ya nyuzi 25 kiwe 8.26. Hiyo ni ya ufuoni mwa bahari. Kasongo tuko juu ya mita 600, kwa hiyo utafute kama 7.7, ukipanda vilima vya Kabambare itashuka tena. Kikisimama hapo bila kuyumba, twende. Kikiyumba, usikisawazishe kwa nguvu ili namba ikupendeze. Badili utando kwanza, ndipo uniamshe.