Mtu wa Siri Katika Ndege: Mlinzi au Jasusi?

Abiria apandapo ndege huiweka roho yake katika amana ya watu asiowajua. Hamjui rubani, hamjui fundi aliyeikagua mitambo, wala hamjui aliyeketi ubavuni pake. Na katika baadhi ya safari huyo aliyeketi ubavuni si abiria bali ni askari: amevaa nguo za raia, asoma gazeti kama wengine, na chini ya koti lake ipo bastola ya serikali. Je, ni haki serikali kumtia mtu kama huyu kati ya watu, awatazame nao hawajui kuwa watazamwa? Au huo ni ujasusi uliovishwa kanzu ya ulinzi? Hili ndilo twataka kulipima leo kwa insafu, pasina chuki wala kujipendekeza.

Twakiri kwanza kwamba haja ipo. Tarehe 1 Mei 1961 ndege ya abiria ya Marekani ilitekwa na kupelekwa Cuba, na haukupita muda mrefu serikali ya nchi hiyo ikaanza kupandisha askari wa siri. Septemba 1970 zilitekwa ndege kadhaa kwa siku moja, na Rais Nixon akaamrisha askari hao waongezwe. Tarehe 8 Disemba 1972 walinzi waliokuwamo katika ndege ya Ethiopia walipambana na watekaji saba, na ndege ikarudi Addis Ababa salama ingawa bomu la mkono lilikwisha kulipuka ndani yake. Na sisi watu wa pwani tunao msiba wa karibu zaidi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa na watu watatu walioitaka iende Australia. Mafuta yaliisha angani, nayo ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo walifariki 125. Mwenye kukumbuka maiti wale hawezi kusema kuwa kuilinda ndege ni jambo la upuuzi.

Wala siri yenyewe si dhambi. Mlinzi akijulikana, mtekaji ataanza naye yeye, kisha atawageukia wasio na silaha. Mwenye shamba akimficha mtu usiku nyuma ya minazi, hapana amlaumuye. Mtu huyo hana haja na wapitao njiani. Amngoja apandaye mnazi usio wake. Lakini akiiacha minazi, akaenda kuchungulia madirishani apate kujua nani amelala na nani yu macho, huyo si mlinzi tena, japokuwa mshahara wake ni ule ule na bwana wake ni yule yule. Mlinzi hungoja kitendo; jasusi huwinda aibu. Na mafundisho yetu yamewajibisha kulinda roho za watu, na papo hapo yamekataza kuchunguza siri zao. Mwenye kushika moja akaliacha la pili hakufanya uadilifu.

Mpaka huu ulivukwa. Julai 2018 gazeti la Boston Globe lilifichua kuwa Marekani ilikuwa na mpango uitwao Quiet Skies, ambao ndani yake askari wa ndege walitumwa kuwafuata raia wasioshukiwa kosa lolote, bali wamechaguliwa kwa namna ya safari zao tu. Wakaandika: huyu amelala, huyu ametoka jasho, huyu hakutulia kitini, huyu amekwenda chooni. Gazeti hilo likaeleza baadaye kuwa abiria wapatao 5,000 walifuatwa katika miezi michache, na hakuonekana hata mmoja aliyestahili kuchunguzwa zaidi. Mpango huo ulitangazwa kukomeshwa Juni 2025.

Atasema msemaji: asiye na kosa ana khofu gani ya kutazamwa? Twamjibu: jasho ni la mwenye kuogopa ndege, na safari za chooni ni za mgonjwa wa sukari. Na mzee asomaye dua kimya, midomo ikicheza, ataandikwa nini na asiyemjua? Mshitakiwa mahakamani huambiwa shitaka lake akajitetea. Huyu aandikwa asijue, basi atajiteteaje?

Na khatari haikomi kwenye karatasi. Tarehe 7 Disemba 2005, katika uwanja wa ndege wa Miami, walinzi wawili wa siri walimpiga risasi abiria mwenye umri wa miaka 44 aliyekuwa akitoka mbio ndani ya ndege, naye akafa. Mkewe alikuwa akipiga kelele kuwa mumewe ni mgonjwa wa akili. Walinzi walisema kuwa alidai ana bomu. Baadhi ya abiria walisema hawakulisikia neno hilo. Bomu halikuonekana. Mwaka 2006 waendesha mashitaka waliamua kuwa walinzi hawana jinai. Sisi hatuwahukumu watu waliokuwa na sekunde chache za kuamua. Twasema tu kwamba mtu aliyepewa mamlaka ya kuua kwa sekunde hizo lazima awe amefundishwa kumtambua mgonjwa kama alivyofundishwa kulenga shabaha, na kila risasi yake iulizwe hadharani.

Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, imemtambua mlinzi huyu katika sheria ya mataifa. Imemruhusu kutenda bila ya idhini ya rubani pale tu apokuwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba jambo hilo lahitajika papo hapo kulinda ndege au watu. Huo ndio mpaka tuliousema: kitendo na khatari iliyopo, si sura ya mtu wala nchi atokayo.

Basi rai yetu ni hii. Jina la mlinzi na kiti chake na viwe siri. Ama sheria imwongozayo na hesabu ya matendo yake zisiwe siri kabisa. Siri ya mtu yaweza kuokoa roho, bali siri ya sheria ni mlango wa dhulma. Wala tusidhani kuwa kwa kuwako mlinzi sisi tumevuliwa wajibu. Tarehe 22 Disemba 2001, katika ndege iliyotoka Paris kwenda Miami, mtu aliyetaka kulipua baruti ndani ya viatu vyake alikamatwa na wahudumu na abiria wenyewe, watu wasiojuana, wakamfunga kwa mikanda. Jirani aliye macho na mwenye ujasiri ni mlinzi ambaye hapana serikali iwezayo kumwajiri. Na jirani huyo hupatikana pale tu ambapo watu huaminiana. Serikali ikiwafundisha watu kumdhania mabaya kila aketiye ubavuni pao, itakuwa imemwondoa mlinzi huyo kwa mkono wake yenyewe.