Aliyepona Ana Haki Gani Juu Yetu?



Mwezi uliopita nilikuwa Shirere, katika mji wa Kakamega, kwa jamaa walionialika kusoma nao. Usiku mmoja baada ya darasa ililetwa chai. Miongoni mwetu alikuwako mgeni, mfanyabiashara wa Butembo katika Kongo ya mashariki, ambaye mwaka 2019 alipatwa na maradhi ya Ebola akapona. Nikaona kikombe chake kimetengwa mbali na vyetu, na alipokwisha kunywa hapana aliyekigusa. Akainuka mwenyewe akenda kukiosha. Bwana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shekhe, si Mtume wetu (s.a.w.) ndiye aliyetuamrisha kujihadhari?"

Swali hili lastahiki jawabu. Aliyeuliza hakuwa na ubaya, na sisi watu wa pwani tusijidanganye: wengi wetu tungalifanya vivyo hivyo.

Ni kweli tumeamrishwa. Mtume amekataza kuingia katika nchi yenye tauni, na amemkataza aliyemo asitoke kuikimbia. Sayyidna Umar alipofika Sargh na kupata habari kwamba tauni imeingia Shamu, alirejea na watu wake. Na alipoulizwa kama aikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa aitoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu. Basi kujihadhari si upungufu wa imani.

Lakini tuitazame vyema amri yenyewe, kwani ina pande mbili. Aliye nje amepewa usalama. Aliye ndani ametwikwa subira, akae na msiba wake usiwafikie wengine. Ndipo Mtume akambashiria mwenye kukaa hali ya kusubiri na kutaraji thawabu kuwa atapata ujira wa shahidi. Usalama wa walio nje, basi, una gharama, na gharama hiyo hulipwa na walio ndani.

Maradhi hayo yalitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na kwisha kwake kukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Walipatwa watu 3,470, wakafa 2,287. Kenya haikufikwa. Mwenyezi Mungu ndiye aliyekinga. Na katika sababu alizozijaalia ni wagonjwa waliokubali kutengwa na watu wao, jamaa zao waliokubali kuchunguzwa kila siku, na watu zaidi ya 300,000 waliokubali kuchanjwa. Katika waliopona wako waliorudi kwenye vituo vya matibabu huko Beni na Butembo, wakawalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa wao miili yao ilikwisha pata kinga. Watu hawa wanatudai. Je, mdaiwa humkimbia mdai wake na kuiita mbio hiyo uchamungu?

Hofu nayo ina mpaka wake, na mpaka huo huwekwa na ilimu. Madaktari wametubainishia kwamba aliyepona haambukizi kwa kupeana mkono, wala kwa kukaa naye, wala kwa kikombe. Lililobaki ni kuwa virusi huweza kukaa miezi mingi katika manii ya mwanamume, na kwa hivyo hupimwa mpaka ithibiti kuwa amesafika. Hadhari hiyo ni ya mume na mkewe. Haihusu birika la chai. Anayeendelea kujitenga baada ya kujua haya hafuati hadithi, bali afuata nafsi yake.

Na aliyepona hakupona yote. Wako wanaoumwa na macho hata kuogopewa upofu, na viungo, na kichwa, na uchovu usiokwisha. Wako waliochomewa magodoro na nguo, waliopoteza kazi, waliozika nyumba nzima. Hawa wahitaji daktari wa macho, dawa, na mtaji. Na mafakiri na wenye madeni ni katika wanaostahiki Zaka. Wala asiseme mtu kuwa wengi wao si Waislamu. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Jabiya aliwapita Wakristo wenye ukoma, akaamrisha wapewe katika sadaka na wawekewe chakula.

Someni tena aya ya 61 ya Suratun-Nur, inayotaja kipofu, kiguru na mgonjwa katika mambo ya kula. Wafasiri wametaja kwamba wako watu waliokuwa wakiona uzito kula pamoja na hao. Qur'ani ikashuka hata kwa jambo la sahani. Na sisi twadharau jambo la kikombe!

Twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Usiku ule mgeni alikuja, na wenyeji tukawa ndio wagonjwa. Nami nakiri kosa langu: nilikuwa nikitafuta dalili kichwani hali mtu yule yuaosha kikombe chake peke yake. Asubuhi nilimwendea nikamtaka radhi, tukanywa chai pamoja. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahiki.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuponye sisi na ugumu wa nyoyo. Amin. Wallahu aalam.