Uchaguzi wa Mpiga Piano

Koncheto ya piano ni utungo wa muziki ambamo piano hujibizana na kundi kubwa la wapiga ala. Mwanafunzi atakaye kujifunza mmoja katika tungo za namna hii za karne ya 20 hukutana na swali la maadili: achague ule utakaomletea sifa, au ule awezao kuutendea haki?

Mwaka 1909 Rachmaninoff alitunga koncheto yake ya tatu, ngumu mno, akamtunukia Josef Hofmann, bingwa mwenye mikono midogo. Hofmann hakuipiga hadharani hata mara moja, wala heshima yake haikupungua. Mwaka 1957 Shostakovich alimtungia mwanawe Maxim, kijana wa miaka 19, koncheto iliyo nyepesi kuliko hiyo. Hata hivyo, sehemu yake ya pili, ya polepole, hudai utulivu ambao mwenye majivuno hana.

Anayechagua jambo gumu ili astaajabiwe hudanganya wasikilizaji. Anayechagua jepesi kwa uvivu hujidanganya mwenyewe. Mwenye busara huchagua mzigo utakaomkaza misuli pasipo kumvunja mgongo, kisha huubeba mpaka mwisho.