Kumfungia Mtoto Mlango wa Shule



Liko swali ambalo wainjilisti na walimu wa Shule ya Jumapili wametuuliza mara nyingi, nasi tumeona yafaa tulijibu humu, ili kila mtu alipime mwenyewe. Swali ni hili: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika nchi, nasi tukamwambia mtoto asije shuleni, wala kwaya, wala mafundisho ya kipaimara, je, hatukumtupa? Bwana wetu aliwagusa wenye ukoma; sisi twapata wapi ruhusa ya kumzuia mtoto mlangoni?

Swali hili kwetu si la mchezo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, nao wote 10 walikufa. Mwaka 2023 ugonjwa uo huo ulikuwa umeua watu 6 katika Wilaya ya Bukoba. Na ng'ambo ya Rusumo, jirani zetu wa Rwanda waliupata tangu Septemba hata Desemba 2024. Basi asiseme mtu kwamba ni habari za mbali.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe, maana asiyejua huogopa lisilo la kuogopwa, na lililo la kuogopwa hulichezea. Marburg hukaa katika popo walao matunda, ambao makao yao ni mapangoni. Kutoka mtu hata mtu huenda kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Haienei hewani kama korona. Tangu mtu aambukizwe hata dalili zionekane hupita siku 2 hadi 21, na asiye na dalili hamwambukizi mwenzake. Kwa hiyo aliyemgusa mgonjwa huangaliwa siku 21. Zikiisha naye ni mzima, hana la kuogopwa tena.

Twaona basi kwamba kila ugonjwa una kipimo chake. Wakati wa korona, Serikali ilifunga shule zote tangu Machi 2020, na wanafunzi wengi walirudi tarehe 29 Juni. Kwa Marburg lililo kubwa ni kumwangalia aliyemgusa mgonjwa, kumpeleka mapema zahanati mtoto mwenye homa, kuweka maji na sabuni mlangoni, kuwakataza watoto kuingia mapangoni, na kutowaruhusu kugusa maiti msibani. Mambo haya si kukosa imani. Luther mwenyewe, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alikaa na wagonjwa. Lakini aliandika pia kwamba asiyehitajiwa mahali penye ugonjwa asiende huko, asije akawa sababu ya kifo cha jirani yake.

Na habari ya Bwana kuwagusa wenye ukoma? Yeye alipogusa, uzima ulitoka kwake. Sisi tukigusa, twaweza kuchukua mauti mkononi na kuyapeleka kwa mwingine. Lakini tusiishie hapo, kana kwamba tumepata udhuru. Bwana alimgusa mgonjwa ili amrudishe kwa watu wake, na alimwagiza akajionyeshe kwa kuhani apate kupokelewa. Hapo ndipo penye hukumu yetu. Kufunga mlango si dhambi. Kusahau kuufungua ndiyo dhambi.

Someni katika kitabu cha Hesabu, sura ya 12. Miriamu alipopatwa na ukoma alitengwa nje ya marago siku saba. Siku zake zilihesabiwa. Tena taifa zima, pamoja na wazee wake na mifugo yake, halikung'oa hema hata aliporudishwa. Nani kwetu amengoja hivyo? Mtoto hukaa nyumbani siku 21, na darasa la kipaimara huendelea kana kwamba hakuwapo. Hurudi amekwisha kupitwa na masomo, akikaa kwenye benchi wenzake husogea mbali, na jina la ugonjwa huwa ndilo jina lake. Huyu hakutengwa kwa upendo, maana upendo huhesabu siku, bali hofu haina hesabu.

Tena hofu ya namna hii haituhifadhi. Mzazi akiona jinsi mtoto wa jirani alivyoaibishwa, kesho mgonjwa akiwa nyumbani kwake atamficha, na mtoto wake atakuja darasani bila mtu kujua. Hivyo aibu tuliyomwekea mmoja yawaletea wote hatari.

Mtu atasema: Je, darasa zima likae kwa ajili ya mtoto mmoja? Twajibu: masomo yaendelee, ila siku ya kubarikiwa na ingoje. Kuchelewa majuma matatu hakutamwumiza mtu, na aliyengojewa atajua siku zote kwamba ana mahali pake. Katika siku hizo usharika upeleke chakula mlangoni mwa nyumba ile, mwalimu apeleke masomo yake, na mwinjilisti asimame uani aombe pamoja nao, asimguse mtu. Siku ya 22 mwalimu mwenyewe aende amlete mtoto, akae naye mbele ya wote.

Tarehe 13 Machi 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha Biharamulo, baada ya kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya. Wenye kazi ya afya walimaliza hesabu yao. Sisi nasi tujiulize, kila mmoja katika usharika wake, kama yupo mtoto ambaye siku zake zilikwisha zamani, naye hata leo angali nje ya marago.

Bwana awalinde watoto wetu. Amina.